Mkono wa Kuvuli

Mizani iliposema kwamba Bi Zuwena Faki anadai fidia kwa maumivu ya kivuli, watu wawili ukumbini walicheka, na mmoja wao alikuwa wakili wake mwenyewe.

Mizani haikuwa mtu. Ilikuwa sauti tulivu iliyotoka katika meza ya mbele ya Baraza la Madhara ya Chanjo, mjini Tanga, na kazi yake ilikuwa moja: kusoma yote yaliyosemwa na yote yaliyopimwa, kisha kueleza kama jambo hili limesababisha jambo lile. Hukumu ilikuwa ya Mwenyekiti. Lakini Mwenyekiti, mzee Kaoneka, hakuwa na desturi ya kubishana na chombo kisichosahau.

"Mdai amesema, na amerudia, kwamba mbegu ya chanjo ilipandwa katika mkono wa kivuli," iliendelea Mizani. "Kumbukumbu ya kipandio, chombo cha kupandia, inaonyesha kwamba mbegu ilipandwa katika mkono wa kulia wa mwili. Mdai amesema pia kwamba unaouma ni mkono wa kivuli. Kivuli hakina maumivu. Maelezo hayapatani. Siwezi kupima."

"Kivuli gani?" Bi Zuwena alisema kwa sauti. "Bega ni langu mimi!"

"Mama, utulie, zamu yako imepita," alisema Mwenyekiti.

Alitulia. Alikuwa msusi wa Ngamiani, mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Pemba aliyeolewa Tanga akabaki Tanga. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama mzigo aliopewa na mtu amshikie kidogo, mtu mwenyewe asirudi. Tangu apandwe mbegu hakuweza kuuinua kupita kifua, na msusi asiyeinua mkono hana kazi.

Kivuli ilichokitaja Mizani kilikuwa kitu ambacho kila mkazi wa mkoa alikuwa nacho, ingawa ni wachache waliowahi kukiona chao: mwili wa hesabu, uliochorwa mshipa kwa mshipa na kuhifadhiwa na idara ya afya, ili dawa ijaribiwe humo kabla ya kumgusa mwenyewe. Daktari akitaka kujua figo zako zitasemaje, alikiuliza kivuli chako kwanza. Mizani nayo ilipima madai kwa njia hiyo hiyo. Ilikipanda kivuli cha mdai mbegu ile ile, ikatazama kama kitaumia alipoumia mwenyewe.

Wakili Mhando alisimama, akifuta kicheko usoni. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba Kifungu cha Shaka."

Minong'ono ukumbini ilikoma. Kifungu kilikuwa kifupi na hakuna aliyehitaji kusomewa. Kumbukumbu za Baraza zikigongana zenyewe kwa zenyewe, shaka ni mali ya mdai. Analipwa fidia yote. Na chanjo inaandikwa kuwa imedhuru, upandaji unasimama mkoa mzima mpaka uchunguzi ukamilike.

"Mkaguzi?" Mwenyekiti aliuliza.

Nasra Shekilindi alisimama mwishoni mwa meza. Hakuwa upande wa mdai wala upande wa serikali. Yeye alikagua kama kumbukumbu ziko sawa, na hakupendwa sana na pande zote mbili. "Naomba mpaka kesho asubuhi, Mheshimiwa."

"Kesho asubuhi. Ukinithibitishia kwamba kumbukumbu ndiyo hii, naamuru fidia."

* * *

Mhando alimkuta Nasra kwenye birika la chai nje ya ukumbi.

"Mkaguzi, usiniharibie. Kesi imejishinda yenyewe."

"Kesi haijishindi. Kuna kosa mahali."

"Kosa lenu, si letu. Wewe hata mama yako akikwambia wali umeiva utamwomba vipimo."

"Mama yangu wali wake huwa haujaiva," alisema Nasra, akamimina vikombe viwili.

Kimoja alimpelekea Bi Zuwena, aliyekuwa amekaa kwenye benchi chini ya feni. Walikuwa wamesalimiana asubuhi. Sasa Nasra aliinama kidogo, akanyoosha kikombe kwa mikono miwili. Bi Zuwena alikitazama kwanza, kisha akakipokea kwa mkono wa kushoto, na uso ukamwiva kwa aibu.

"Niwie radhi, mwanangu, nakupokelea kwa kushoto. Sina adabu mbovu. Huu wa kuvuli hautaki."

"Wa nini?"

"Wa kuvuli." Aliinua kidevu kuelekea bega lake la kulia. "Huu wa kulia chakula. Nyinyi wa bara hamsemi hivyo?"

Nasra alikuwa amezaliwa Tanga mjini na hakujihesabu mtu wa bara, lakini hakubisha. "Hatusemi," alijibu. "Na humo ndani ulisema hivyo?"

"Nilisema kama ninavyosema siku zote. Nibadilishe mdomo kwa ajili ya meza?"

Nasra aliacha chai yake ipoe juu ya benchi.

Ofisini alifungua sauti ya ushahidi, si maandishi. Kwa miaka yote aliyofanya kazi pale, Baraza lilikuwa likisoma maandishi tu, kwa sababu maandishi ya Mizani hayakuwa yamekosea kiasi cha mtu kulalamika. Alisikiliza akiwa amefumba macho. *Walinipanda mkono wa kuvuli.* Sauti ilikuwa safi, u yake dhahiri. *Unaouma ni wa kuvuli.* Na mbele kidogo, katikati ya maelezo marefu kuhusu saluni ambayo Mwenyekiti aliyakatiza: *Walipokuja, mkono wa kuvuli ulikuwa juu.*

Mwandishi wa Mizani, yaani ile sehemu ya mashine iliyogeuza sauti kuwa maandishi, alikuwa amefunzwa kwa sauti za redio, za bunge na za madarasani, ambamo neno hilo halikupita. Aliposikia neno asilolijua, alichukua la karibu zaidi analolijua, na katika Baraza hilo hakuna neno lililotajwa zaidi kuliko kivuli. Irabu moja. Sentensi ile ya mwisho, *mkono wa kivuli ulikuwa juu*, aliiweka pembeni kama maoni ya mdai kuhusu picha ya kivuli iliyoonyeshwa ukutani.

Hilo lilikuwa kosa. Kulisahihisha ilikuwa kazi ya dakika chache. Nasra hakulisahihisha.

Alikuwa amekagua mafaili ya mabega kabla ya hili: wapaka rangi wa dari, mafundi umeme, wasusi. Watu wanaofanya kazi mikono ikiwa juu ya vichwa vyao huchakaa mabega, kwa chanjo au pasipo chanjo, na Mizani huliona hilo haraka. Neno likisahihishwa, Bi Zuwena atakuwa amekiri kwa kinywa chake kwamba mkono unaouma ndio anaoinua kila siku tangu ujana. Mizani itasema kazi, si mbegu. Hatapata fidia, na sheria haimruhusu mtu kudai mara mbili kwa bega moja.

Likiachwa, atalipwa. Ila mkoa utasimamisha upandaji, na masika yalikuwa yanakaribia.

Mbegu ilikuwa punje ndogo kuliko ufuta, iliyowekwa ndani ya msuli wa mkono wa juu na kukaa humo miaka. Kila mara kabla ya mvua, vituo vya afya vilirusha wito hewani: mawimbi yaliyobeba sura ya ugonjwa wa msimu huo. Mbegu iliamka, ikajifunza ile sura, ikaufundisha mwili kinga, ikalala tena. Watoto waliokuwa hawajapandwa hawakuwa na cha kuamka. Masika yaliyopita kata mbili za pembeni zilichelewa kupandwa, na takwimu za homa katika kata hizo Nasra hakuhitaji kuzitafuta. Ndiye aliyezikusanya.

Hakuwa mtu wa kulilia takwimu. Alijua pia kwamba mwanamke yule pale kwenye benchi si takwimu, na kwamba hakuna aliyemtuma Mkaguzi amchagulie mtu mwingine hasara. Mtu angeweza kunyamaza na kuiita huruma. Mtu angeweza kusahihisha na kuiita haki. Njia zote mbili zilikuwa na kasoro ile ile: mwenye mkono hakuulizwa.

Na kanuni, alipoifungua, ilisema hivyo hivyo kwa lugha kavu zaidi. Maneno ya mdai hayabadilishwi ila kwa idhini ya mdai.

* * *

"Bi Zuwena, usijibu," alisema Mhando. "Chochote atakachokuuliza, usijibu."

Walikuwa watatu katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi, asubuhi, kabla ya kikao. Nasra alieleza yote bila kupamba: neno lilivyosikiwa, lilivyoandikwa, litakavyosomwa likisahihishwa. Alieleza Kifungu cha Shaka. Alieleza masika.

"Kwa hiyo kimashine chenu hakielewi Kiswahili," alisema Bi Zuwena.

"Hakikielewi chako."

"Na mimi nilidhani wananikejeli. Mtaani wameshaanza kuniita Bi Kivuli." Alimgeukia wakili. "Na wewe ulicheka."

"Nilicheka kwa furaha, mama. Tulikuwa tunashinda."

"Tunashinda nini? Bado siwezi kujifunga mtandio." Akamgeukia Nasra. "Mkaguzi, nikikaa kimya, watoto hawapandwi?"

"Mpaka uchunguzi uishe."

"Utaisha lini?"

"Sijui. Baada ya mvua."

"Na nikisema, mtaujua ugonjwa wa mkono wangu?"

"Tutajua kama ni mbegu au si mbegu. Nadhani tutaambiwa si mbegu. Nadhani utashindwa. Ningekudanganya nikikwambia vingine."

Mhando aliinua mikono. "Umesikia? Mwenyewe anakwambia utashindwa! Mkaguzi gani huyu? Wenzake wanaficha, yeye anabandika ukutani."

Bi Zuwena hakucheka. Alikuwa akiukanda mkono wa kulia kwa kushoto, polepole, kuanzia kiwiko kupanda juu, na alipofika begani aliacha.

"Nitakwambieni kitu. Walipokuja na chanjo hii watu mtaani waliogopa. Kupandwa, kwetu, ni neno la mashetani. Nikawaambia jamani, hili ni la hospitali, tizameni, nipandeni mimi kwanza. Wakanipanda saluni, wateja wanaona. Ndiyo wakaleta watoto wao." Alimtazama Nasra moja kwa moja. "Usiku silali kwa ajili ya bega. Lakini nikiamka nawaza wale watoto. Kama ni mbegu, nimewaingiza mimi. Hizo fidia nitazila nikiwa siyajui haya?"

"Mama, kwanza kula, kisha jua," alisema Mhando, lakini kwa sauti ya chini, kama mtu anayejua jibu.

"Wewe nikishindwa utakuja kunisukia wateja?"

"Sijui kusuka."

"Basi nyamaza." Akaweka kidole gumba cha kushoto kwenye kioo cha idhini.

* * *

Mizani ilisoma maelezo mapya kwa muda mfupi usiozidi kikohozi. Kivuli cha Bi Zuwena kilikuwa kimetokea katikati ya ukumbi, mwili wa mwanga usio na ngozi, mikono ikining'inia pembeni, misuli ikionekana kama nyuzi nyekundu zilizolazwa kwa mpangilio.

"Kuvuli: upande wa kulia. Nimepokea," ilisema. "Maelezo sasa yanapatana. Nimekipanda kivuli mbegu mahali kipandio kilipoonyesha. Mbegu imekaa ndani ya msuli. Haidhuru. Mdai amesema mkono wa kulia ulikuwa juu. Mdai ni msusi. Sababu inayoelekea zaidi ni kazi."

Mhando aliinamisha kichwa. Nasra aliandika neno *kazi*, kwa sababu ndicho alichotarajia, na akashangaa jinsi kalamu ilivyokuwa nzito.

"Wapi nilisema kazi?" Ilikuwa sauti ya Bi Zuwena. Safari hii hakungoja zamu. "Mheshimiwa, jana ulinikatiza hapo hapo. Sikusema mkono uko juu kila siku. Nilisema *walipokuja* ulikuwa juu. Walipokuja kunipanda!"

Mwenyekiti aliinua macho. "Endelea, mama."

"Nilikuwa namsuka bibi harusi. Nimefika utosini, msuko nimeushika hivi," na mkono wa kushoto ukapanda juu ya kichwa kuonyesha kile ambacho wa kulia haukuweza, "naushika kwa wa kuvuli, kwa kushoto natafuta rasta mezani. Wale wapandaji wanasema mama, tuna haraka. Nikawaambia pandeni, mimi siuachii. Msuko ukiuachia hapo unafumuka wote. Wakanipanda nikiwa nimeushika."

"Mkono ukiwa juu?" Nasra aliuliza.

"Ukiwa juu! Kwani nasema nini tangu jana?"

Nasra alisimama. Alijihisi kama mtu aliyetafuta funguo nyumba nzima kumbe anazo mkononi. Alikuwa ameisikia sentensi ile kwa masikio yake mwenyewe, ofisini, neno kwa neno, na alichosahihisha ni irabu tu. Maana aliiacha pale pale ilipoachwa na mashine.

"Mizani, kivuli kilipandwa mkono ukiwa wapi?"

"Chini. Vivuli vyote huhifadhiwa mikono ikiwa chini."

"Inua mkono wa kuvuli wa kivuli."

Mtu mmoja nyuma alicheka, lakini mkono wa mwanga ulikuwa umeshaanza kupanda, na kicheko kikaishia njiani. Ulipanda polepole hadi juu ya kichwa, ukasimama pale kama umeshika kitu kisichoonekana. Kila mtu ukumbini aliona kilichotokea begani. Msuli ulijikunja ukasogea juu. Mfupa ukazunguka. Kile kifuko chembamba cha majimaji kinacholainisha kiungo, ambacho mkono ukiwa chini hujificha chini ya ncha ya bega, kikateleza hadi pale pale ngozi ilipokuwa imewekwa alama ya sindano.

"Panda."

"Nimepanda," ilisema Mizani. "Mbegu haimo katika msuli. Imo ndani ya kifuko cha bega. Kila wito unapokuja mbegu inaamka na kuvimba. Katika msuli uvimbe huo hauna athari. Katika kifuko hauna pa kwenda."

"Ndiyo!" Bi Zuwena alisema. "Kila wakipiga huo wito wao nalia siku mbili. Nilimwambia daktari, akanijibu ni hofu."

"Madhara yamethibitika," ilisema Mizani. "Sababu ni namna ya kupanda. Mbegu yenyewe haina kasoro iliyoonekana."

Mwenyekiti Kaoneka alivua miwani, akaisafisha, ingawa ilikuwa safi. Kisha akasema kwa maneno yake mwenyewe, bila kuiuliza meza: mdai atalipwa, kwa kuwa aliyempanda alikuwa mtumishi wa mkoa na alipaswa kumwambia ashushe mkono, upandaji hausimami, na kuanzia siku hiyo hakuna atakayepandwa akiwa ameinua mkono wala ameshika kitu chochote.

"Wale watoto?" Bi Zuwena aliuliza.

"Walipandwa mikono ikiwa chini?" Nasra alimuuliza.

Bi Zuwena alifikiri. Macho yalikwenda mbali, mtaani kwake, akimpitia mmoja mmoja. "Walipakatwa na mama zao. Mikono wamebanwa, maana wanarusha mateke." Pumzi ilimtoka kwa kishindo, kama mtu aliyetua ndoo. "Mikono ilikuwa chini. Yote ilikuwa chini."

"Basi wako salama."

"Na mimi? Hii yangu inatoka?"

"Kwenye kivuli inatoka kwa sindano moja," ilijibu Mizani, "na bega linarudi. Mwili wa mdai kwa kawaida hufuata. Siwezi kuahidi."

"Usiahidi," alisema Bi Zuwena. "Nimeshakuzoea. Kuvuli, sema nisikie."

"Kuvuli," ilisema Mizani.

"Haya."

Mhando alikuwa akicheka tena, na safari hii Bi Zuwena alimwacha.

* * *

Kabla mvua hazijaanza, Nasra alikwenda Ngamiani kusuka nywele. Alijiambia kwamba anakwenda kufuatilia hali ya mdai baada ya tiba, jambo ambalo kanuni iliruhusu.

Bi Zuwena alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni, akiamuru. Mbegu ilikuwa imeshatolewa. Mkono ulikuwa unafika usawa wa shavu. Kusuka kwenyewe bado, daktari alimkataza, na kazi alikuwa akiifanya mwenzake Riziki, mwanamke mwenye vidole vyepesi na maneno mengi.

"Kichwa chako kigumu, dada," Riziki alimwambia Nasra. "Nywele zimekaza kama mwenyewe."

"Mkaguzi huyo," alisema Bi Zuwena. "Ukikosea mstari mmoja atakufungulia faili."

Riziki alikuwa amefika utosini wakati wapandaji walipoingia, wawili, na kipandio chao kwenye begi la bluu. Walikuwa wakimaliza mtaa. Nani hapa hajapandwa? Riziki, kwa mikono iliyojaa nywele, aliwapungia kiwiko. Mimi. Fanyeni haraka tu, nipo katikati. Mmoja wa wapandaji alikuwa ameshafungua begi.

"Achia!" Bi Zuwena alisema.

"Dada Zuwena, utafumuka, nimeshafika—"

"Achia, nakwambia! Ufumuke. Tutasuka upya."

Riziki aliguna, akaachia, akashusha mikono mapajani. Nasra alihisi msuko ukilegea kichwani mwake, mstari baada ya mstari, kazi ya asubuhi nzima ikirudi kuwa nywele. Hakusogea. Nyuma yake alisikia sauti ndogo ya kipandio, na Riziki akisema kumbe haiumi.

Kisha mkono mmoja ukamshika nywele pale zilipokuwa zinaendelea kufumuka, ukazizuia. Ulikuwa ule wa kuvuli.

"Mpaka hapo tu ndipo unapofika," alisema Bi Zuwena. "Inamisha kichwa, mwanangu."

Nasra akainamisha.